Maili Kumi na Tano za Velda

Velda alikuwa amebeba sahani tatu kwenye mkono mmoja, samaki wa ziwani wakifuka mvuke, Trent alipoingia na bahasha. Trent ni meneja wa mkahawa wa ng'ambo ya barabara, ambako Velda alihudumu miaka kumi na tisa kabla ya kuhamia mkahawa huu Jumatatu. Shati limenyooka, meno meupe. Watu wa namna hiyo utawajua hata ukifumba macho: wananukia manukato na amri za mtu mwingine.

"Weka sahani chini, Velda."

"Zina wenyewe. Ngoja."

Aligawa zote, akamwonya mzee Orval asimeze mwiba kama mwaka jana, ndipo akafuta mikono na kusoma. Mkataba: mwaka mzima baada ya kuacha kazi, asihudumie meza katika mkahawa wowote ndani ya maili kumi na tano. Chini, saini yake, imepinda.

Aliikumbuka. Ijumaa ya Kwaresima, mji mzima umekuja kula samaki, Trent anapita na rundo la makaratasi: saini hapa na hapa, mpewe aproni mpya. Alisaini juu ya trei, bila miwani, supu za watu zikipoa.

"Nilidhani ni za aproni."

"Ya aproni ilikuwa ya juu."

"Na mnaogopa nitaiba nini? Kwamba Orval hali kitunguu?"

"Wateja ni mali ya kampuni."

Orval aligeuka polepole. "Mimi nilikuwa mali ya mke wangu, kijana. Naye nimeshamzika."

"Mimi nimetumwa tu, mzee."

Wote hutumwa. Anayetuma humwoni, wala mlango wake huujui.

Velda alimpigia wakili wa bure wa kaunti. Jimbo halijakataza mikataba hiyo, alisema wakili. Jaji hupima kama masharti yamezidi. "Huenda ukashinda, mama."

"Lini?"

"Mwakani, labda."

Mwakani, karatasi ikishakwisha muda wake. Na waheshimiwa walioiacha sheria hivyo huletewa chakula na akina Velda kila mchana, wakiagiza bila kuinua macho.

Irma, mwenye mkahawa huu mpya wa Velda, alishindwa kumtazama. "Wakinishtaki nafunga, dada. Nivulie aproni."

Velda hakuwa na gari. Kwake maili kumi na tano ni bahari.

Kesho yake alirudi, akaketi dirishani kama mteja, akaagiza kahawa. Irma alikuwa akikimbia peke yake. Kwenye meza ya jirani alikuwa ameacha kapu la uma na visu vilivyooshwa, na rundo la vitambaa vya karatasi. Mikono ya Velda ilianza yenyewe kazi yake ya miaka yote. Uma juu ya kisu, kunja, viringisha, weka.

"Acha, Velda. Watakuona."

Ng'ambo, Trent alikuwa amesimama mlangoni, simu ameinua, anapiga picha za ushahidi. Velda alimtazama. Kisha akalivuta kapu mpaka likagusa kioo cha dirisha, akachukua uma mwingine.