Milimita Moja ya Kuba

Mashine haikukosea. Ninalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaani, wanaoiita roboti la dada, wanapenda kuisingizia. Inaongozwa na kompyuta na inachonga ubao vile vile ulivyoichorea, na mimi niliichorea kwamba plaiwudi ina unene wa milimita kumi na nane, kama ilivyoandikwa ubavuni. Sikupima. Ilikuwa kumi na saba.

Basi ndimi, zile ncha za kuchomeka, za mbavu zote nane za kuba la mbao nililoagizwa kutengeneza zikawa zinacheza ndani ya matundu yake. Kuanza upya kulikuwa kazi ya wiki nzima, nami nilishajigamba mbele ya mwenye nyumba, mwalimu mstaafu anayetaka paa lake lionekane kutoka barabara kuu. Nikachanganya vumbi la mbao na gundi, nikaziba nafasi zote, nikapiga rangi nyeupe. Ni pambo tu, nilijiambia, litabeba nini zaidi ya njiwa? Jumatatu tukalipandisha.

Alhamisi asubuhi nilipeleka ncha ya kuweka kileleni. Mdogo wangu, tunayemwita Paka, alikuwa juu ya ghorofa ya tatu akipigilia bati kuzunguka kitako cha kuba. Nilimpungia mkono, kisha macho yangu yakaifuata kamba iliyotoka kiunoni mwake. Haikwenda kwenye ndoano ya chuma iliyofungwa kwenye boriti. Ilizungushwa kwenye mbavu mbili za kuba.

Nikaiweka ncha chini.

"Paka! Kamba mbona umeifunga hapo?"

"Ndoano iko mbali, dada! Kamba haifiki upande huu!"

"Ifungue!"

"Acha woga wako! Wewe hata ukipanda stuli unashika ukuta!"

Mwalimu, aliyesimama karibu nami, akaangua kicheko. Paka akaona amepata watazamaji. Akakanyaga ukingo wa paa, akajiachia nyuma, kamba ikakaza. Kuba likainama. Lilikuwa jambo dogo sana, asingeliona mtu asiyejua pa kutazama. Mimi nililiona. Na bado, Mungu anisamehe, sikupiga kelele papo hapo, kwa sababu nilimwogopa pia mwalimu aliyekuwa ananisikia.

Kisha likainama tena.

"Usiegemee! Halijashika! Nilijaza vumbi la mbao na gundi, Paka, halina nguvu!"

Kicheko cha mwalimu kilikatika. Paka aliganda pale pale, amening'inia nusu mwili hewani. Halafu akainama mbele polepole bila kuivuta kamba, akalala kifudifudi juu ya vigae, akafungua fundo na kutambaa hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimeishika ngazi kwa mikono miwili.

Alipofika chini alikaa kwenye mfuko wa saruji. Nilitaka kumshika bega, akalikwepesha.

"Ulijua tangu lini?"

"Kabla hatujalipandisha."

Mwalimu alianza kufoka kuhusu paa lake. Hakuna aliyemsikiliza. Mdogo wangu alikuwa akitazama viganja vyake.

"Tangu Jumanne nafunga kamba hapo hapo, dada," alisema. "Ile ndoano niliifunga mimi, sikuiamini sana. Hili ulilitengeneza wewe."