Kulifunga Gari la Corinne

Katikati ya Aprili kambi ya jangwani ilikuwa imebaki na magari-nyumba matatu. Wastaafu wengine walikwisha kufunga virago na kurudi kaskazini, maana joto la Arizona likianza halina simile. Arlys Tveit, aliyepikia watoto wa shule huko Minnesota karibu maisha yake yote, alikuwa bado anajikokota.

Asubuhi ya siku ya mwisho, afisa wa ardhi ya serikali, binti aitwaye Ruelas, aligonga mlango wake.

"Mama Arlys, ni leo."

"Najua. Natoka."

"Na gari dogo nalo. Miaka mitatu nimelifumbia macho, likikaa hapa kila kiangazi. Safari hii mkubwa wangu amekuja juu."

Arlys alilitazama lile gari la bluu lililojaa vumbi. "Sasa akirudi atapanda nini?"

Ruelas akainamisha uso. Kisha akasema, "Nikusaidie kulifunga nyuma ya gari-nyumba?"

"Hapana. Wewe kaningoje getini."

Aliyekuwa akisemwa ni Corinne, dada yake mkubwa. Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walizunguka nchi nzima, gari-nyumba mbele, gari la bluu likivutwa nyuma. Kulifunga ilikuwa kazi ya watu wawili: Arlys alishika usukani wa gari dogo, na Corinne alisimama kati ya magari akimwongoza kwa mikono hadi pua ya gari ifike kwenye vyuma vya kulivutia, nyuma ya gari-nyumba. Asubuhi moja, miaka mitatu nyuma, Arlys alikata kulia badala ya kushoto. Chuma kikapinda.

"Miaka kumi na mmoja," Corinne alisema, "na bado mkono wa kulia huujui!"

"Basi ondoka hapo mbele! Nimechoka kupungiwa mikono kama punda!"

"Naondoka."

"Nenda!"

Corinne akachukua kofia yake, akashika njia ya vilimani. Arlys aliingia ndani, akaanza kumenya viazi kwa hasira. Njaa ikimbana atarudi, alijiambia. Akala peke yake, akaosha vyombo, akajaza chemshabongo ya gazeti. Ilipogonga saa tisa mchana ndipo alipotoka kuita.

Walimtafuta siku tisa, kwa mbwa na kwa helikopta. Nyayo zake zilifika kwenye korongo la changarawe, zikaishia hapo. Tangu hapo, kila alipoondoka mwezi wa Aprili, Arlys aliliacha gari dogo palepale, madumu ya maji nyuma, ufunguo juu ya tairi la mbele. Kila Novemba aliukuta ufunguo umefunikwa na vumbi. Alijua ni upuuzi. Lakini kama si upuuzi je?

Sasa aliupapasa, akaupangusa kwenye suruali, akaingia. Injini ilikohoa, ikashika. Alisogea kidogo, akashuka kutazama. Akapanda, akasogea, akashuka tena. Mara ya kwanza alikuwa mbali kwa hatua tatu. Mara ya nne alikuwa amekwenda upande. Magoti yalimuuma, jasho likamwingia machoni, na kila alipokaa nyuma ya usukani aliona kama pale mbele, penye pembe ya kioo, pamesimama mtu. Akigeuka kukazia macho, hapana kitu.

Mara ya saba akaachia breki taratibu. Gari likaanza kutambaa.

"Polepole. Polepole, we! Basi!"

Alikanyaga breki hata paji la uso nusura ligonge usukani. Ile sauti hakuisikia kwa mbali; ilikuwa ya karibu, ya kukaripia, sauti ya mtu anayejua kazi. Aliposhuka, alikuta vyuma viwili vimelingana na matundu yake sawasawa. Hakukuwa na mtu. Kwenye vumbi palikuwa na nyayo zake mwenyewe tu; alizikagua zote, moja moja.

Alitumbukiza pini, akafunga minyororo ya usalama na waya wa taa. Akaweka gia huru, akashusha breki ya mkono. Ufunguo ulipaswa kubaki kwenye tundu lake kando ya usukani, si juu ya tairi tena, ukiwa umegeuzwa kidogo, ili usukani usijifunge njiani. Hapo ndipo alipokwama. Alijiona kama anayekomea mlango huku mtu yuko nje.

Alitembea hadi mwisho wa kambi, uso kuelekea vilimani.

"Corinne!" aliita. "Naondoka na gari!" Kule getini, Ruelas akazima injini ya gari lake, kukawa kimya. "Chuma nilikipinda mimi! Sikupaswa kukufukuza! Nilikaa nikala viazi, dada, nilikaa nikala!"

Alisubiri hata miguu ikamfa ganzi. Kisha akarudi, akawasha gari-nyumba, akalivuta mbele mpaka vyuma vikajifunga kwa mlio mkavu.

Getini alikata kona kushoto. Kwenye skrini ndogo ya kamera ya nyuma aliliona gari la bluu likimfuata, kiti cha dereva kitupu, na usukani ukijizungusha kushoto taratibu, kama unaoshikwa na mikono ya mtu asiye na haraka. Kila mwenye kuvuta gari anajua kwamba ni magurudumu ndiyo yanayougeuza. Arlys alijua vizuri. Hata hivyo nywele zilimsimama. Kidole kilikwenda kwenye swichi ya skrini, kikabaki hapo, kisha kikarudi.

Aliendesha siku nne, skrini ikiwaka, redio imezimwa. Kila kona aliikata polepole, akitazama usukani ule hadi unyooke.

Huko Minnesota, mpwa wake Britta alimpokea uani kwa kumbatio refu, kisha akainama kuvikagua vyuma.

"Shangazi, vimekaa vizuri hasa! Nani alikuongoza?"

Arlys akaomba maji ya kunywa. Alikunywa akiwa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti la bluu lililokuwa baridi.