Sauti Haina Bawaba

Nilikuwa nimeshatoka getini na toroli, mdogo wangu ananifuata nyuma na aproni yake ya useremala, anapiga kelele mtaa mzima usikie.

"Rudisha sanduku langu!"

"Sanduku lako, spika yangu. Njoo uing'oe basi, tuone utabaki na nini zaidi ya tundu."

"Mwizi!"

"Mwongo! La pili si nimekuachia? Unataka nini tena?"

Wazee wazima, mimi sitini na sita, yeye sitini na moja, tunatukanana barabarani kama watoto wanaogombea gololi. Muuza mkaa wa pale kwenye kona aliacha kupima mkaa atutazame. Sikuona aibu. Aibu nilikuwa nimeimaliza jana yake, ukumbini, na nitaeleza ilivyokuwa ili mtu asije akasikia ya upande mmoja tu.

Watu huniita Kiguu, kwa kuwa ni kiguu na njia tangu nilipofukuzwa shule darasa la tano. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, miezi sita hapa, mwaka kule. Ufundi wa redio niliupata kwa mtu ambaye wala hakuwa anafundisha, alikuwa anakuacha uunguze vidole mpaka uelewe. Nilikuwa nimeishi miji kumi na minne. Mwaka ule magoti yakagoma, nikarudi kwa mdogo wangu. Akanipa kona ya karakana, nalala kati ya mbao na makopo ya gundi, nikiamka napiga chafya za unga wa msumeno. Sikulalamika. Ila nilitaka chumba. Chumba kimoja tu kabla sijafa, ambacho hakuna mtu atakayeingia asubuhi kuchukua randa juu ya kichwa changu.

Na chumba kilikuwapo. Shule ile ile iliyonifukuza ilikuwa imejenga ukumbi, na nyuma ya ukumbi wakaweka chumba cha fundi wa kuangalia taa, feni na vyombo vya sauti. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa tumbo na funguo nyingi, alikuja karakana kukagua madawati aliyomwagiza mdogo wangu. Akanikuta na redio imetumbuliwa matumbo mezani.

"Mzee, unaweza kututengenezea spika za ukumbi? Mwalimu Mkuu anastaafu mwisho wa mwezi, tunamuaga."

"Naweza."

"Zikilia vizuri siku hiyo, kazi yako na chumba chako. Zisipolia, tusilaumiane."

Wiki tatu sikukaa. Spika mbili kubwa nilizitoa kwenye gari la matangazo lililokuwa linaozea nyuma ya gereji. Moja karatasi yake ilikuwa imechanika, nikaibandika kwa gundi na kipande cha mfuko wa saruji. Zile ndogo za sauti nyembamba nilizichomoa kwenye televisheni zilizokufa. Amplifaya niliifufua, ilikuwa ya kinyozi, panya walikuwa wamezalia ndani.

Masanduku alitengeneza mdogo wangu, na haki yake simnyimi. Alipasua kabati la zamani la mke wake, mbao nene, akaziunganisha hivi kwamba hata wembe usingepita kwenye kiungo. Ndani akazungushia sponji la godoro. Spika ikikaa wazi inasukuma hewa ovyo tu, ni sanduku lisilovuja ndilo linaloipa kifua. Alilielewa hilo bila kuambiwa mara mbili.

Kilichomshinda ni kidogo kuliko hicho. Kila spika ina ncha mbili za waya, chanya na hasi. Ukiigusisha betri ya tochi, karatasi inaruka mbele. Ukigeuza betri, inarudi nyuma. Spika mbili zikilia pamoja lazima ziruke pamoja. Moja ikisukuma hewa wakati mwenzake anavuta, besi inamezwa palepale, unabaki na sauti ya mbuzi ndani ya debe. Nilizipima zote mbili kwa betri. Kila waya wa chanya nikaupiga fundo, maana zilikuwa nyeupe tupu, hazina alama.

"Nyuma ya kila sanduku weka bolti mbili," nikamwambia. "Waya wenye fundo uende bolti ya kushoto. Masanduku yote mawili. Umesikia?"

"Kaka, mimi si mtoto."

Nikaenda kutafuta waya mrefu wa kufika jukwaani. Niliporudi yalikuwa yameshafungwa, gundi na skrubu kumi na sita kila moja, vanishi inang'aa.

"Mbona umefunga kabla sijaangalia?"

"Vanishi inataka siku mbili ikauke. Kwani huniamini?"

Nikasema namwamini. Hilo ndilo kosa langu, nalikubali.

Siku yenyewe asubuhi niliyajaribu uani, moja moja, maana waya mrefu nilikuwa nimeshautandaza ukumbini na uliobaki haukufikia yote mawili. La kwanza likaunguruma mpaka shemeji akashika sufuria zake. La pili hivyo hivyo. Nikayapakia nikiwa napiga mluzi.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu Mkuu mbele, amevaa miwani mipya. Nikaunganisha, chanya kushoto, hasi kulia, kama tulivyokubaliana, nikafungulia muziki wa kumkaribisha.

Mbuzi ndani ya debe.

Nikaongeza sauti. Akawa mbuzi mkubwa. Watoto wakaanza kucheka, mwanaume mmoja akasema kwa nguvu, "Hizo ni spika au nzi kwenye chupa?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikaenda kwenye sanduku la kulia, nikaweka sikio: besi tele. La kushoto: tele. Nikarudi katikati: hakuna kitu. Hapo hapo nikajua. Nikamvuta mdogo wangu kwa mkono wa shati.

"Uliziwekaje nyaya?"

"Ulivyosema."

"Fundo kushoto, yote mawili?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la kijinga. "La kushoto kushoto, la kulia kulia. Ili yatazamane. Kama milango ya kabati, bawaba huku na bawaba kule. Yote upande mmoja si ingeonekana kazi ya mlevi?"

"Sauti haina bawaba, mjinga wewe!"

Mwenyekiti akawa ameshafika, funguo zinalia kiunoni. "Kuna nini hapa?"

Nikafungua mdomo. Mdogo wangu akaniwahi.

"Mimi nimetengeneza masanduku tu, Mwenyekiti. Mambo ya nyaya muulize kaka."

Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa anafuta vumbi kwenye vanishi kwa kidole.

"Ni kugeuza waya mbili," nikasema. "Nusu dakika. Nipe nusu dakika."

"Mzee," Mwenyekiti akasema, "tulisema tusilaumiane." Akachomoa plagi kwa mkono wake mwenyewe. Mwalimu Mkuu, aliyefundisha miaka thelathini na nane, akaagwa kwa kile kipaza sauti cha mkononi, cha betri, cha kuitia watoto uwanjani.

Tulirudi tukisukuma toroli. Karakanani nikayapanga masanduku juu ya meza ya randa, nikageuza waya za sanduku moja, nikafungulia. Unga wa msumeno uliruka mezani. Misumari ikacheza kwenye kopo. Jirani akatoa kichwa dirishani, shemeji akaja na mwiko mkononi.

"Ee! Hii ndiyo ilikuwa humo ndani muda wote?"

"Muda wote, shemeji. Muulize mumeo."

Mumewe alikuwa amesimama, amesikia kila kitu. Nikazima. Nikamwambia kwa upole, na upole huo ulinitoa jasho: "Twende kwa Mwenyekiti sasa hivi. Useme ulivyofanya. Basi. Sitaki kingine."

"Siwezi."

"Huwezi kutembea au huwezi kusema?"

"Nina madawati mia na ishirini pale, kaka. Akijua ni mimi niliyeharibu, kesho atatafuta seremala mwingine."

"Na mimi?"

Akaokota randa, akaigeuza, akaiweka. "Wewe si utaondoka tu. Lini umekaa mahali? Lawama ukiichukua unaondoka nayo. Mimi nabaki na watu hawa mpaka nife."

"Mume wangu, hilo si neno la kumwambia ndugu yako," shemeji akasema.

"Nyamaza."

"Sinyamazi. Nilikuona unazipima zile waya kwa rula ili zitazamane."

Hata hapo hakubadilika. Nikaenda peke yangu asubuhi. Mwenyekiti akanisikiliza mlangoni, mswaki mdomoni, akatema, akasema: "Mdogo wako akija kusema hivyo, nitamsikiliza. Yeye ni mtu wa hapa."

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kulala mahabusu bila kosa, sikuwahi kukasirika namna ile. Nilitaka kuyavunja yote mawili. Nyundo niliishika, nikainyanyua, nikaona viungo vile visivyopitisha wembe, mkono ukakataa, na hilo likanikasirisha zaidi. Nikafunga nguo zangu kwenye shuka. Kuondoka ni kufanya kile kile alichosema nitafanya, nilijua, nilikuwa nasaga meno kwa kujua, na bado miguu ilikuwa inatafuta viatu. Shemeji akanisaidia kufunga sanduku moja kwenye toroli kwa kamba yake ya kuanikia nguo. "Chukua," akasema. "Yakikaa pamoja atakuja kuwaonyesha watu kuwa ni kazi yake." Tulipofika kona ya muuza mkaa mdogo wangu akachoka kufuata, akasimama. Sikugeuka.

Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mwalimu Mkuu alihamia kwa binti yake, akafariki baada ya miaka mitatu, hakuambiwa lolote. Mwenyekiti aliondolewa kwenye kamati kwa mambo mengine yasiyohusu sauti. Kazi ya ukumbi alipewa mpwa wake, ambaye hajui kubadilisha hata fyuzi, na chumba kimejaa viti vilivyovunjika. Mdogo wangu alimaliza madawati yote mia na ishirini, akapewa mengine themanini. Sasa mgongo umempinda, karakana ameikodisha kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Sanduku lake liko sebuleni, juu yake wameweka televisheni, halijaunganishwa na chochote. Langu nililiacha kwa kinyozi katika mji wa kumi na tano na ninaambiwa linalia vizuri. Shemeji hunipigia simu kila baada ya miezi miwili hivi na kunieleza habari za magonjwa. Mimi natengeneza pasi na feni kwenye kibaraza cha duka la nafaka. Mdogo wangu na mimi tulikutana mara moja, kwenye mazishi ya shangazi, tukabeba jeneza upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma. Alipanda gari la saa nane, mimi la saa tisa.