Mafunda Matatu ya Maziwa

Bonaventura hajawahi kuwa mtu wa kutulia. Kule kijijini kwao Daudi hata misa haiishi kabla hajatoka nje mara mbili kuangalia jambo asilolijua mwenyewe, na mama yake, Bibi Marieta, husema huyu alizaliwa anatembea. Sasa mtu wa namna hiyo alikalishwa kwenye benchi la wodi kwa wiki mbili, akimlinda mke asiyesema, asiyekula, asiyegeuza hata shingo. Kwake ilikuwa adhabu.

Mkewe Gaudensia aliugua mchana kweupe, akiwa katikati ya kuchambua vitunguu saumu. Aliweka kisu chini akanyamaza. Kimya kile kikawa cha siku nzima, kikawa cha wiki, na sasa zilikuwa zimetimia wiki saba. Maombi yalifanyika, vidonge vilimezwa hadi akashindwa kumeza. Akawa anaishi kwa dripu na vijiko vya uji ambavyo nusu yake iliishia shingoni. Alikonda hadi pete ya ndoa ikahamia mfuko wa shati la mumewe.

Ndipo Daktari Idd, mtu wa Tanga aliyekuja na mashine yake kwa miezi mitatu tu, akamwita Bonaventura kando.

"Tutamlaza usingizi wa nusu kaputi kwa dakika chache," alisema. "Umeme kidogo utapita kichwani, sekunde chache tu, kisha ataamka. Kuna vitu atasahau, vingi vitarudi. Mimi naamini umeme huo utamsaidia, Baba Patriki. Hali yake haisubiri."

Majirani waliposikia, walipiga simu kusema kwamba shoti itamchoma akili. Bonaventura alisaini hivyo hivyo. Alisaini amesimama, haraka, karatasi ameiegemeza ukutani, kama anavyofanya kila kitu. Gaudensia alikuwa kitandani hatua mbili kutoka pale, macho wazi, na hakuna aliyemtazama.

Sharti lilikuwa moja. Siku ya matibabu, tangu saa nne ya usiku uliotangulia, mgonjwa asitie kitu mdomoni, hata maji. Sista Frida, muuguzi wa wodi, alilirudia kila mara kwa sauti iliyofika wodi ya pili.

"Tumbo likiwa na kitu kinaweza kupanda akiwa usingizini kikaingia mapafuni! Atatufia mkononi!"

Mara tatu alisema hivyo, mara tatu Gaudensia alipelekwa, akatibiwa, akarudishwa. Baada ya mara ya pili alianza kumfuata nzi kwa macho. Baada ya mara ya tatu alijivutia shuka mwenyewe. Bonaventura aliyashika mambo hayo mawili usiku na mchana, akimsimulia kila aliyekubali kusikiliza, na wengine ambao hawakukubali.

Mara ya nne iliangukia Ijumaa. Saa moja asubuhi bodaboda alileta chupa ya chai kutoka kwa Bibi Marieta, ndani yake maziwa ya moto ya kunywa Bonaventura mwenyewe. Alikuwa anamimina kikombeni aliposikia sauti kavu nyuma yake.

"Baba Patriki. Naomba maziwa."

Kikombe nusura kimtoke. Wiki saba! Hakufikiri kitu. Kwao mgonjwa akiomba maziwa hanyimwi, na anayemnyima atasemwa hadi msibani. Mkono ulikwenda wenyewe. Alimwinua kichwa, akapuliza maziwa, akamnywesha. Gaudensia alimeza funda moja, la pili, la tatu, huku amemkazia macho. Kisha akafunga mdomo, akarudi kwenye kimya chake.

Bonaventura alikuwa anampangusa midomo alipokumbuka onyo la Sista Frida.

Akisema, matibabu ya leo yamekwenda. Mtaalamu wa usingizi huondoka saa nne kwenda hospitali nyingine, na harudi hadi Jumanne. Siku nne! Aliitazama mikono ya mkewe iliyobaki mifupa, akaona siku nne ni nyingi mno. Asiposema, basi. Wazo hilo hakulimaliza. Alitoka na kikombe hadi bombani, akakiosha, akazunguka jiko la wauguzaji, akarudi bombani, akakiosha tena, akakifuta kwa pindo la shati na kukitia mfuko wa koti. Mafunda matatu ni nini? Hata mtoto mchanga hashibi.

Saa mbili Sista Frida alifika na daftari lake.

"Mama Patriki amekula? Amekunywa?"

"Hapana, Sista."

Jibu lilimtoka kabla hajajua kama analitoa. Sista akaweka alama, kitanda kikasukumwa, mlango wa chumba cha matibabu ukafungwa. Bonaventura alibaki korido na habari njema kuliko zote alizowahi kuwa nazo, kwamba mkewe amesema, na hakuweza kumwambia mtu, maana wangemuuliza amesema nini.

Alitembea. Korido ilikuwa na hatua kumi na mbili. Alikwenda na kurudi, akakaa, akasimama, akaenda tena. Mama mmoja mzee aliyekuwa na mgonjwa wake alichoka.

"Mwanangu, kaa chini basi. Unanitia kizunguzungu."

"Samahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ulishanisalimia mara tatu."

Alijaribu kukaa. Kioo cha mlangoni kilikuwa mbele yake, na nyuma ya kioo mtaalamu wa usingizi alikuwa ameinua sindano, anatoa hewa. Bonaventura aliona ile sindano ikishuka kuelekea mkono wa mkewe. Aliingia na mlango.

"Amekunywa! Amekunywa maziwa! Mimi ndiye nimempa!"

"Acha sindano," alisema Daktari Idd.

"Si nimekuuliza?" Sista Frida alifoka. "Nimekuuliza kwa Kiswahili, Baba Patriki, ukanijibu kwa Kiswahili!"

Daktari alimnyamazisha kwa mkono. "Ulimnywesha kwa nguvu?"

"Aliomba."

"Aliomba vipi?"

"Kwa mdomo wake. Alisema, naomba maziwa."

Daktari Idd aliinama karibu na mto.

"Mama Patriki, ni kweli?"

"Kweli," alisema Gaudensia.

"Ulijua kwamba hairuhusiwi?"

"Sista anapiga kelele kila siku." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nilitaka leo msifanye. Mnanisukuma tu na kitanda. Hakuna aliyeniuliza."

Bonaventura aliteleza na ukuta akakaa sakafuni, yeye ambaye hakai. "Mama Patriki, ungekufa! Je, kama nisingesema?"

"Wewe?" Mdomo wake ulivutika upande mmoja, ile dhihaka ya zamani, ya kabla ya siku ya vitunguu. "Wewe neno halikukai tumboni. Nilijua utawaambia hapo hapo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu, saa moja na nusu tangu yale maziwa. Bonaventura aliitazama, akatazama chini.

"Na Jumanne?" aliuliza Daktari Idd.

"Jumanne mniulize mimi. Nikikubali, nitasaini mwenyewe." Alifumba macho, wakadhani ndiyo basi, kisha akayafumbua. "Kwa kuwa leo hamfanyi, nipeni yale maziwa. Kikombe kiko wapi?"

Wote walimgeukia Bonaventura, naye akatia mkono mfuko wa koti akakitoa. Gaudensia alikipokea kwa mikono miwili. Alitazama ndani, akapitisha kidole ukingoni, pakavu, pameoshwa, hapana hata alama ya ukoko wa maziwa. Kisha akainua macho kwa mumewe, na Bonaventura, kwa mara ya kwanza maishani, hakuwa na pa kwenda.