Taulo Lisilokausha

Kwa niaba ya mabweni yote ya Butembo, mimi Michée ninatangaza ushindi wa kihistoria: sayansi imemshinda Bwana Kabongo, mkuu wetu wa nidhamu. Ushindi wenyewe ulidumu muda wa kuoga tu.

Mjomba Kambere, anayewauzia watu wa pikipiki makoti ya mvua kule Beni, alinipa chupa ya dawa inayofanya nguo isishike maji. Nikalinyunyizia taulo la Kabongo. Asubuhi alijifuta, akajifuta tena, maji yakateleza kama juu ya jani la magimbi. Alikuja mstarini shati limemganda mgongoni.

"Taulo yangu iko na shetani," alisema, akampa Mama Kanyere, mpishi wetu, alifue.

Niliogopa msako. Dawa iliyobaki nikaimwaga mtaroni nyuma ya jikoni. Mtaro ule unaingia katika bwawa la samaki ambalo Mama Kanyere alilichimba kwa jembe lake, ili siku ya wazazi tule kitu kisichoitwa maharage.

Kesho yake samaki walielea, matumbo juu.

"Ni savon yangu ya kufulia," Mama Kanyere alisema taratibu. "Nilifulia hapa karibu. Miye njo nimewaua."

Kabongo alituamuru tuchukue ndoo, tulitoe maji bwawa zima. Tukachota.

"Tumwage wapi, Bwana Mwalimu?" Gérard, mwenzangu wa bweni, alimuuliza Luc, mwalimu wa kemia.

Luc alitazama bondeni. "Kule chini batu banachota maji ya kunywa. Ngojeni kwanza."

Tukangoja, ndoo zimejaa, hakuna aliyejua pa kuzipeleka. Mvua ikaanza. Wote wakalowa. Mimi nilikuwa nimelipaka pia koti langu dawa ile, na matone yakaviringika juu yake kama shanga, mbele ya macho ya Luc.

"Michée, hii koti ulipaka nini?"

"Dawa ya kuzuia maji."

"Na ingine iko wapi?"

Nikatazama bwawa. Luc akaweka ndoo yake chini.

"Savon inaisha," alisema. "Ile dawa hapana kuoza. Udongo unaishika, maji inaibeba. Hata tukichemsha, inabaki."

"Sasa tufanye nini?" Kabongo aliuliza.

Mama Kanyere alinigeukia, uso umelowa.

"Donc, kumbe haikuwa savon yangu?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Ni miye."