Sebule Nyuma ya Runinga

Siku ya kubadilisha runinga, Mkaguzi aliamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa shati la kola kama mtu anayekwenda kukabidhiwa cheti. Gari-nyumba lake lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa changarawe nyuma ya kituo cha mafuta, mahali magari ya aina hiyo yaliporuhusiwa kulala bila maswali mengi. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, na choo ambacho mtu akikaa, magoti yanagusa mlango. Juu ya viti vya mbele palikuwa na kabati la mbao, na ndani ya kabati ilikaa runinga ya zamani, ile ya chogo, nene kama gunia la mahindi. Picha yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijani. Mkaguzi alivumilia mambo mengi maishani, hasa yaliyowapata wengine, lakini wachezaji wa kijani hakuweza.

Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mabasi, na katika miaka yake yote ya kazi hakuna basi lililowahi kumjibu. Mazoea hayo alikwenda nayo nyumbani. Alipostaafu aliuza nyumba, akanunua gari-nyumba, kisha akamweleza mkewe. Alimweleza vizuri tu, kwa utaratibu, jioni moja wakila, huku mnunuzi akiwa nje ameshaanza kupima ua. "Tumeamua kutembea," alisema. Mkewe, ambaye majirani walimwita Mama Pindo kwa sababu alishona nguo zao kwenye dirisha la sebule ya nyumba ile tangu binti yao hajazaliwa, aliuliza ni nani na nani walioamua. Mkaguzi akaomba chumvi.

Basi wakatembea. Cherehani haikuingia garini, ikapewa mpwa wa Mkaguzi ambaye hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Makochi, kabati la vyombo na mapazia viliachwa humo humo. Kitu pekee ambacho Mkaguzi alikibeba kutoka nyumba ile ni runinga, maana eti mtu hawezi kuondoka mikono mitupu. Mnunuzi akaivunja nyumba, akaweka pa kuoshea magari, na kila mtu akadhani habari ya nyumba imeishia hapo.

Runinga mpya, ya flati, Mkaguzi aliinunua peke yake. Alichukua tepu, akapima uwazi wa kabati kutoka kushoto kwenda kulia, akaenda dukani na hesabu hiyo kichwani, akaagiza. Runinga hupimwa kona kwa kona. Muuzaji angemwambia, ila kila alipofungua mdomo Mkaguzi aliinua kidole, kama alivyokuwa akifanya kwa makondakta. Kwa hiyo kilichokuja ni kioo kizuri, cheusi, kinachong'aa, na chenye upana mdogo kuliko nafasi yake.

Fundi alifika kwa pikipiki, akiwa na mkoba wa vifaa na maneno mengi. Alichomoa nyaya, akaikumbatia runinga ya zamani, akaishusha hadi kitandani huku akiguna. Kitanda nacho kikaguna. Kisha akapanda tena kwenye kiti cha dereva, akaingiza kichwa na tochi ndani ya kabati kuangalia kebo zinapita wapi. Akakaa humo kidogo, akazima tochi kwa sababu haikuhitajika.

"Mzee, huku nyuma kuna sebule," alisema.

"Kuna nini?"

"Sebule. Ina makochi, ina dirisha, ina cherehani. Sasa kebo niipitishe juu ya kochi au chini ya zulia?"

"Ipitishe inapopita," alisema Mkaguzi, ambaye hakupenda kusumbuliwa na mambo madogo madogo.

Mama Pindo alikuwa akikata vitunguu. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akamwomba fundi ashuke, akapanda yeye. Ilikuwa sebule yake. Mapazia ni yale yale, upande mmoja mfupi kwa sababu kitambaa kilimpunja. Jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirishani, ingawa nje ya gari mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Kwenye cherehani palikuwa na sketi ya mteja iliyopindwa nusu, sindano bado imeizamia. Mpwa wa Mkaguzi alipopigiwa simu baadaye alikiri kwamba cherehani yake haionekani, ila hajui tangu lini, kwa sababu hakuwahi kuitazama.

Fundi aliwaeleza kwamba jambo lenyewe si geni. Nyumba ikivunjwa lazima iende mahali, na hii ilikuwa imefuata runinga yake, ikajibana humo nyuma ya chogo ikisubiri. "Hizi za zamani zilikuwa na nafasi, mama," alisema. "Za siku hizi haziweki kitu. Juzi nilikuta bibi wa watu ndani ya redio ya kaseti. Mzima kabisa, tena alinishikia tochi."

Mama Pindo alilia. Alilia pale pale kwa sauti, amepiga magoti kwenye kiti cha dereva, na hakumwomba mtu radhi. Alikuwa hajalia siku nyumba ilipouzwa, wala siku cherehani ilipoondoka, kwa hiyo machozi yalikuwa yamekusanyika. Goti lake likabonyeza honi. Mkaguzi akamwambia aangalie honi.

Kisha Mama Pindo akapanda juu, akajipenyeza kwenye uwazi wa kabati, kwanza kichwa, halafu mabega, halafu miguu, ndala moja ikabaki kwenye usukani. Wakamsikia akitembea. Alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka. Alifungua makabati, akayataja yaliyomo kwa furaha, unga, sukari, majani ya chai, kama mtu anayeita watoto wake kula. Aliujaribu mlango wa mbele wa nyumba. Mlango ulifunguka bila shida, ila nje yake palikuwa na bati la gari, upande wa ndani, na kutu kidogo. Madirisha yalikuwa na nondo, ambazo Mkaguzi mwenyewe alizifunga zamani ili wezi wasiingie. Njia ya kutoka ilikuwa ile moja tu aliyoingilia.

"Baba Watoto!" aliita. "Njoo uone. Hata kiti chako kipo."

"Nitakuja."

"Njoo sasa hivi, jamani."

"Mechi inaanza."

Uso wa Mama Pindo ukatokea kwenye uwazi, una vumbi la nyumbani kwake kwenye paji. Alizungumza taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kutembea alisema anachokitaka bila kuzunguka. "Basi nakuomba kitu kimoja. Hapa usipazibe. Hiyo TV itundike ubavuni, juu ya meza, hapa pabaki mlango wangu. Niingie nikitaka, nitoke nikitaka. Nakuomba, baba."

Mkaguzi aliutazama ubavu wa gari. Palikuwa na nafasi ya kutosha, lakini kutoka hapo angelazimika kugeuza shingo. "TV mahali pake ni kwenye kabati la TV," alisema. "Ndiyo maana likaitwa hivyo."

Fundi alikuwa ameshika breketi ya kushikia TV mkononi. "Mzee, nifunge na mama yumo ndani?"

"Si yuko nyumbani kwake? Si ndicho alichokuwa akikililia?"

Fundi alilifikiria swali hilo. Lilikuwa nje ya kazi aliyoitiwa. Akaweka breketi, akakaza skrubu moja moja, akazijaribu kwa kuzitikisa, maana alikuwa fundi mwaminifu. Akamwambia Mama Pindo kupitia pembeni, "Samahani, mama, sogeza kidole." Akasogeza. Mechi ikaanza, na wachezaji wakawa na rangi zao.

Hata hivyo, Mkaguzi alikuwa amekosea kipimo, na Mungu ambariki kwa hilo, kwa sababu pembeni ya kioo pakabaki mwanya unaopitisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kwenye mwanya huo zikapita sahani, zikapita soksi zilizofuliwa, zikapita fulana zilizonyooshwa na bado zina joto la pasi. Mkaguzi hakuona kilichopungua. Safari ziliendelea. Alipofunga breki ghafla, vikombe vilianguka nyuma ya mtangazaji wa habari, na mtangazaji aliendelea kusoma. Mama Pindo hakuwahi kujua asubuhi wataamkia wapi. Dirishani kwake jua lilikuwa lile lile la mtaa wao wa zamani, ila mtaani hapakuwa na mtu.

Katika viwanja vya kuegesha, Mkaguzi aliwaambia wenzake, "Sasa mke wangu ametulia. Hanung'uniki, haulizi tunakwenda wapi." Wenzake wakampongeza kwa uvumilivu wake. Wake zao ndio waliokuja kuchungulia, na walipoisikia cherehani, wakaanza kupitisha suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha. Mama Pindo akapata wateja tena. Walisimama kwenye foleni kuanzia mlango wa gari, wakampa habari, wakamchekesha, wakamshika mkono. Mkaguzi alilalamika kwamba wanamkinga asione.

Mwisho wa mwezi binti yao alikuja kuwatembelea. Alimkuta baba yake amekaa, miguu juu ya meza ya kukunja.

"Shikamoo, baba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Nyuma ya TV."

Binti hakuuliza zaidi, alikulia katika nyumba ile na aliijua harufu yake tangu mlangoni. Alipanda kwenye kiti cha dereva, akaingiza mkono kwenye mwanya. Mkono wa mama yake ukaupokea upande wa pili, ukaupapasa kwenye kifundo.

"Umekonda," sauti ya Mama Pindo ikasema.

"Sijakonda, mama. Unataka kutoka?"

"Sijui kama nataka kutoka, mwanangu. Hapa ni kwangu. Nataka mlango tu. Mtu huwezi kusema uko kwako kama hakuna siku unayoweza kuondoka."

Binti alishuka, akafungua droo, akatoa bisibisi. Mkaguzi akasimama mbele ya kioo, mikono ameipanua, kama alivyokuwa akisimamisha mabasi.

"Unataka kufanya nini?"

"Naitoa hii. Tutaifunga kwa bawaba ifunguke kama mlango. Hata leo hii, baba. Mechi yako hutaikosa."

"Ukigusa skrubu, dhamana inakufa," alisema Mkaguzi kwa upole. Alipenda kuwaelimisha watoto. "Halafu huoni tunaangalia?"

Alikuwa akiangalia peke yake. Binti akashindwa kujizuia, sauti ikampanda, machozi yakamlenga. "Ulimuuliza? Hivi baba, hata siku moja, ulishawahi kumuuliza?"

Mkaguzi alijaribu kukumbuka, kwa dhati kabisa. "Nimuulize nini?"

"Nyumba! Uliuza nyumba ya mama bila kumuuliza!"

"Nyumba si hiyo hapo?" Akaielekeza kwa rimoti, kupitia kwenye goli la timu ngeni. "Tena amerudishiwa na kila kitu ndani. Wangapi unawajua waliouza nyumba wakarudishiwa? Mimi sijaona hata ahsante."

Binti akamzunguka, akapanda tena kitini, akaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Kwenye mwanya kidole cha mama yake kikatokea, kikamgusa, kikaisukuma bisibisi pembeni.

"Acha, mwanangu. Usigombane na baba yako."

"Mama, ni dakika mbili tu."

"Najua. Halafu jioni wewe utaondoka, mimi nitabaki naye." Kidole kikakaa kidogo juu ya mkono wa binti. "Mwambie tu apunguze sauti. Kichwa kinaniuma, na nina suruali ya mtu ya kesho."

Binti aligeuka, bisibisi ingali mkononi. "Baba, mama anaomba upunguze sauti."

Mkaguzi alikuwa amesharudi kwenye kiti chake. Nyuma ya kioo cherehani ilianza, pole pole, kisha ikakolea. Mkaguzi alisikiliza, akakunja uso, akainyoosha rimoti, akaongeza sauti, kwa sababu cherehani ilikuwa ikimzuia kumsikia mtangazaji.