Kaa Lipi?

Chumba alichofundishia Mwalimu wetu kilipata jua la asubuhi tu. Liliingia kwa madirisha ya juu, likatambaa sakafuni, likapanda meza zilizosukumwa ukutani, likatoka taratibu. Mpaka leo nikisinzia mchana najikuta mle ndani, nimeshika karatasi, nasubiri mtu aniambie nianze na mguu gani.

Maana pale hatukukaa tukasoma. Tulisimama. Mwalimu alifundisha michezo ya kale ya kuigiza, ile ambayo maseremala na wafinyanzi waliicheza juu ya mikokoteni, mtaa hadi mtaa, kabla hayajajengwa majumba ya maonyesho. Walioiandika hawakuweka nukta wala mkato, na maelekezo yao kwa waigizaji ni neno moja moja. Tukikwama, Mwalimu alikuwa na dawa moja: "Neno likikushinda, litembeze." Basi tunalitembeza, huku na huku, mpaka lisalimu amri. Siku moja alikuja profesa mgeni na tai yake, na kabla hajatoa kalamu mfukoni alishakuwa punda wa mchezo. Alirudi kila mwaka.

Kutoa ni moyo, tunasema, lakini Mwalimu alizidisha mpaka nikawa namkasirikia. Kitabu chake ukikisifia, umeondoka nacho. Aligundua jinsi mikokoteni ile ilivyogeuzwa kwenye kona nyembamba, jambo lililowaumiza vichwa wataalamu wakubwa, akaniambia, "Andika wewe, mwanangu. Wazo likikaa kwangu litaota kutu." Nikaandika, nikataja kwamba ni lake. Akaufuta mstari huo kwa penseli. Nikaurudisha, akaufuta tena. Mwishowe nikaipeleka makala bila kumwonyesha, akaninunia siku nzima.

Sasa hayupo. Sisi aliotufundisha tuliamua kutoa kitabu cha kumkumbuka, na ndani yake tuweke mchezo mmoja alioupenda kuliko yote. Kuuhariri niliachiwa mimi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa neno moja, na mchapaji alilitaka siku hiyohiyo.

Mwisho wa mchezo huo mama anaagana na bintiye anayekwenda nchi ya mbali. Mama anasema neno moja tu: Kaa. Binti anajibu: Nimepokea. Kisha imeandikwa: Atoka.

Kaa lipi? Herufi ni zilezile, lakini mhariri lazima aonyeshe maana kando yake, ili waigizaji wajue la kufanya. Mimi nasema ni la kukaa. Mama anamsihi mtoto asiende. Mwalimu alishikilia kuwa ni kaa la moto. Mama anampa mtoto kaa la jikoni akawashie moto huko aendako. Ubishi ulianza mwaka niliomaliza masomo. "Mtu hapokei 'kaa kitako'," alisema. "Mtu anapokea kitu." Nikamjibu kwamba hakuna anayepokea kaa la moto kwa kiganja, na kigae cha kulibebea hakikutajwa popote. Mwenzetu mmoja, mtu wa mizaha, akauliza kwa nini asiwe kaa mwenye magando. Mwalimu akamtembeza upande upande chumba kizima, na tangu siku hiyo jina lake ni Magando, hata sasa akiwa na mvi na wajukuu.

Tuliendelea kubishana miaka na miaka, kwa barua, kwa simu, mpaka kando ya kitanda chake hospitalini. Mimi ni mbishi, sikatai. Mama yangu mzazi alisema naweza kubishana na mlango mpaka ufunguke wenyewe. Lakini kubishana na marehemu hakuna ladha. Nikichapa kaa langu, nimemshinda mtu asiyeweza kunijibu. Nikichapa lake, nawafundisha watoto wa watu jambo nisiloliamini, kwa heshima tu, na heshima ya namna hiyo yeye aliichukia. Na wote watakaoucheza mchezo huo baada yetu wataucheza kama nitakavyouchapa.

Kwa hiyo asubuhi ile tulikutana mle chumbani, tulitembeze mara ya mwisho. Magando alishika hati. Mjane wa Mwalimu, ambaye sisi sote tunamwita Mama, alisema yeye mwenyewe atasoma sehemu ya mama. Alikuwa mkunga maisha yake yote, na chumbani kwetu alikuwa akifika tu kuleta funguo ambazo mumewe alizisahau. Mimi nilikuwa binti. Mwalimu alinipa sehemu hiyo kila mara.

"Nisemeje?" Mama aliuliza.

"Unavyoona wewe, Mama."

Nikaelekea mlangoni. Jua lilikuwa limefika miguuni pangu, vumbi likielea ndani yake, na kwa kitambo sikujua ni mwaka gani. Ningeambiwa Mwalimu yuko nyuma ya meza anachonga penseli, ningeamini. Kisha mkono ukanishika kifundo cha mkono, na Mama akasema, polepole, "Kaa."

Hakukuwa na moto wowote pale. Lilikuwa ombi tupu. Nikajibu, "Nimepokea," na nilipolisema nikalisikia linatulia mahali pake: mtu anaweza kulipokea ombi, akalibeba, na bado akaenda. Ushindi wangu ulikuwa huo. Lakini miguu ilikataa kutoka.

"Toka basi," Mama akaninong'oneza. "Si imeandikwa?"

Magando akaangua kicheko. Tukavuta viti.

"Mama, umesoma kaa langu," nikasema. "Mwalimu angekununia."

"Aninunie kwa lipi? Nimesoma vile alivyokuwa anasoma nyumbani."

"Nyumbani?"

"Akipiga pasi. 'Kaa, mwanangu.' Mpaka sauti inamkatika. Hilo la moto lilianza siku ile ulipokuja kwetu na habari za kazi yako ya mbali. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilikwenda kumwambia kwamba kazi ile naikataa, nataka kubaki karibu naye, nifundishe mle mle. Kabla sijafungua mdomo alianza: amegundua jambo, kaa ni la moto, yule mama hamzuii mtoto, anampa moto aende zake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nikaondoka nimefura, na kwa hasira zangu nikaikubali kazi, ili nikapate maktaba kubwa ya kumthibitishia kosa lake.

"Ulipotoka nikamuuliza, mbona unamdanganya mtoto wa watu?" Mama akasema. "Akanijibu, nikimsomea lile lingine hataondoka, na hapa hatakua. Basi akakaa pale mezani na vile vikombe viwili. Kila nikitaka kuviosha, ananiambia, viache kwanza."

Nililia, wala sioni haya kusema. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pia. Mtu mjuzi kuliko sisi sote alikubali aonekane amekosea, mbele ya wataalamu, mbele yangu niliyekuwa nikimcheka, na hakulegeza kamba hata alipokuwa hawezi kuinua kichwa. Alinipa vitabu vyake na mawazo yake, na hivyo niliviona. Hiki hakukitaja kamwe.

Simu ikalia. Alikuwa mchapaji.

"Dada mhariri, ni lipi sasa? Mashine inasubiri."

"La kukaa," nikasema. "Anaombwa asiende, analipokea ombi, anakwenda. Halafu chini ya ukurasa weka maelezo. Andika: yuko aliyesoma 'kaa la moto', naye alijua analofanya."

Nilimsikia akiandika. "Na huyo aliyesoma hivyo, jina lake nani?"

Nikamtajia herufi moja moja, taratibu, kwa sababu sikutaka liishe.